Droo Inapokwama: Mafuta Gani, Wapi, na Kiasi Gani

Samani nyingi zinazokaza hazina shida ya kukosa mafuta. Zimejaa vumbi, zimepinda, zimevimba kwa unyevu, skrubu zake zimelegea, au zilitiwa mafuta yasiyozifaa na sasa yamegeuka ulimbo. Ukiinyunyizia bawaba ya namna hiyo chochote kilicho karibu, itanyamaza siku chache, kisha italia tena, na safari hii ikiwa na uchafu zaidi ndani. Kulainisha ni kazi ya hatua tatu: kujua kinachokaza ni nini, kukisafisha, kisha kupaka kilainishi kinachovifaa vitu viwili vinavyosuguana. Hatua ya tatu ni ya dakika moja. Mbili za mwanzo ndizo zenye kazi, na ndizo zinazorukwa.

Tafuta kwanza kinachokaza

Toa mzigo wote. Droo iliyojaa hubonyea kitako, kitako kikaburuza kwenye fremu, na hapo utasingizia reli isiyo na kosa. Ikiwa tupu, isukume na kuivuta polepole kwa mkono mmoja huku ukisikiliza.

Kama ni nzito kwa kiwango kilekile tangu mwanzo hadi mwisho, grisi imekauka au nta ya zamani imekwisha. Kama inateleza vizuri halafu inagota mahali pamoja tu, mafuta hayatasaidia: tafuta skrubu iliyochomoza kichwa, reli iliyobonyea, au msumari uliojitokeza. Kama inagoma wakati wa unyevu na kulegea hewa ikikauka, mbao zimevimba. Na kama kuna kelele bila uzito wowote, mara nyingi kuna kiungo kilicholegea, kwa hiyo chukua bisibisi kabla ya mafuta.

Kabati ambalo droo zake zote zimeanza kukaza kwa pamoja linastahili uchunguzi wa peke yake. Likisimama kwenye sakafu isiyo sawa hujikunja kidogo, na pembe zilizokuwa mraba huacha kuwa mraba. Pima mshazari wa mbele, kutoka kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia, kisha ule mwingine. Vipimo viwili vikitofautiana kwa zaidi ya milimita 2 au 3, weka kipande chembamba cha ubao chini ya mguu ulio juu juu, kisha pima tena. Mara nyingi droo hulegea hapohapo bila tone la mafuta.

Kuvimba nako kuna kanuni yake. Mbao nzima, yaani iliyopasuliwa moja kwa moja kutoka kwenye gogo, hupanuka kukatisha nyuzi zake, na kwa urefu wa nyuzi haiongezeki kiasi cha kuonekana. Ubavu wa droo hukatwa nyuzi zikiwa zimelala, hivyo unapovimba huongezeka kimo: ubavu wa milimita 200 unaweza kupanda milimita 2 kati ya kipindi kikavu na chenye unyevu, na nafasi ya juu yake pengine haikuzidi hapo. Mbao za tabaka (plaiwudi) hazisumbui sana kwa hili. Mbao za chengachenga zikinywa maji huvimba unene na hazirudi tena, basi usizihangaikie kwa nta.

Kila kilainishi na mahali pake

Mafuta mepesi ya mashine, yale ya cherehani, ni ya chuma kwa chuma mahali penye nafasi finyu: pini ya bawaba, ekseli ya gurudumu, riveti. Sifa yake ni kupenya na kosa lake ni kutiririka. Mililita moja hutoa matone 20 au zaidi, na kiungo kimoja cha samani hakihitaji zaidi ya tone moja au mawili. Yanayobaki nje hukamata vumbi, na vumbi lenye mafuta hufanya kazi ya msasa.

Grisi ni mafuta yaleyale yakiwa yameshikwa ndani ya sabuni maalumu, kama maji kwenye sifongo. Sehemu zikisuguana huyaachia kidogokidogo. Hukaa mahali ilipowekwa, kwa hiyo inafaa reli za gololi, springi nzito na mabamba yanayobebana. Grisi nyeupe ya lithiamu ya daraja la NLGI 2 (NLGI ni kipimo cha ulaini au ugumu wa grisi) inatosha kwa karibu kila kitu cha chuma ndani ya nyumba. Usiipake juu ya grisi ya aina nyingine usiyoijua, kwa sababu sabuni zisizopatana huvunjana na mchanganyiko ukawa maji au ukakakamaa. Futa ya zamani yote kwanza.

Silikoni ni ya plastiki na mpira, vitu ambavyo mafuta ya madini huvidhuru: mpira wa asili huvimba na kulegea, na baadhi ya plastiki ngumu hupata nyufa. Lakini silikoni huzagaa. Ikigusa mbao, siku utakapopaka vanishi upya utaona vijishimo vya duara ambavyo vanishi imekataa kushika, na kuiondoa ni taabu. Basi usinyunyizie moja kwa moja kwenye samani za mbao. Nyunyizia kwenye kitambaa mbali na kabati, kisha pangusa nacho sehemu husika.

Tefloni ya kunyunyizia hubebwa na kiyeyushi kinachokauka na kuacha utando mkavu. Haikamati vumbi, na hiyo ndiyo faida yake chini ya kitanda na mahali penye nywele za wanyama. Utando huo ni mwembamba, hudumu tu pakiwa pasafi kabla ya kupaka, na kiyeyushi chake kijaribiwe kwanza kwenye upande wa plastiki usioonekana.

Mbao kwa mbao, tumia nta. Mshumaa wa kawaida wa parafini ndio bora kuliko vyote. Nta ya nyuki ni nzuri lakini ina unato kidogo, hasa penye joto. Sabuni kavu hutumiwa sana na huteleza kweli siku ya kwanza, ila huvuta unyevu, na misumari iliyo karibu huanza kushika kutu.

Mafuta ya kula yabaki jikoni. Mengi yake hushikana na hewa, yakageuka kwanza unato, halafu utando mgumu wa rangi ya asali ambao hata mafuta ya taa huusumbukia. Mafuta ya nazi hayagandi kwa namna hiyo, lakini hugeuka mgando joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na mwishowe huvunda. Kama huna kitu kingine, afadhali mafuta ya mgando yasiyo na manukato, maana hayo ni mafuta ya madini na nta. Yaepushe tu na mpira.

Kuna pia dawa za kunyunyizia za kufungua vilivyokwama, na maarufu kuliko zote ni WD-40. Ilitengenezwa San Diego, Marekani, mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji na kuzuia kutu. Sehemu yake kubwa ni kiyeyushi kinachoruka hewani, kinachobaki ni utando mwembamba wa mafuta. Ni hodari kwa kulegeza kutu na kusafisha, na hapo haina lawama. Lawama huja inapomwagwa kwenye reli yenye gololi: inaiosha grisi ya kiwandani na haiweki kitu cha uzito ule. Ukiitumia kusafisha, futa, acha pakauke, kisha paka kilainishi chenyewe.

Droo za mbao

Chomoa droo na igeuze. Sehemu zinazosuguana zitajionyesha zenyewe kwa kung'aa au kuwa nyeusi: kingo za chini za mbavu mbili, njia ya katikati kama ipo, na sehemu ya juu ya fremu mahali ubavu unapopita. Kama alama hazisomeki, paka chaki kwenye kingo za droo, irudishe, isukume mara tatu, itoe. Palipofutika chaki ndipo panapogusa.

Kwangua nta na uchafu wa zamani kwa ubapa wa patasi isiyo kali sana. Paguse kwa msasa wa namba 120 uliozungushwa kwenye kipande cha ubao, ukifuata nyuzi, kisha malizia na 220. Futa vumbi lote. Sasa sugua mshumaa kwa kukandamiza, mapito matano au sita, kwenye droo na kwenye njia inayopokea. Unatafuta utando unaouhisi kwa kidole bila kuona mabonge. Ukitaka nta iingie zaidi, ipashe joto kwa kikausha nywele kwa sekunde chache, iache ipoe, kisha ongeza pito moja.

Droo iliyovimba isirandwe wakati wa unyevu mkali, kwa sababu hewa ikikauka itasinyaa na kuyumba ndani ya nafasi iliyozidi. Iweke siku kadhaa mahali pakavu penye hewa, mbali na jua la moja kwa moja, kisha jaribu tena. Ikiwa bado inagusa, toa nusu milimita kwa randa, jaribu, na usiende mbali zaidi ya hapo. Mbao iliyorandwa ipakwe vanishi nyembamba au nta mara moja, la sivyo itakunywa unyevu kwa kasi kuliko mbao zilizoizunguka.

Reli za chuma

Ziko za aina mbili kuu. Zile za gurudumu dogo la plastiki ni rahisi: kinachozikaza ni nywele na nyuzi zilizojizungusha kwenye ekseli. Zikate kwa wembe, zitoe kwa koleo nyembamba, futa njia ya chuma kwa kitambaa chenye spiriti, kisha weka silikoni kidogo kwenye ekseli tu. Njia linamopita gurudumu iachwe kavu. Gurudumu linatakiwa kuviringika, na ukiitia njia grisi litaburuzwa badala ya kuzunguka, mwisho wake litalika upande mmoja.

Za gololi zinataka uangalifu. Vuta droo hadi mwisho. Ndani ya kila reli kuna ulimi mdogo wa plastiki mweusi. Kwenye reli nyingi, wa upande mmoja hubonyezwa juu na wa upande wa pili chini, kwa sababu ni reli ileile iliyogeuzwa. Bonyeza zote mbili kwa pamoja na droo itatoka. Sasa angalia ndani ya reli iliyobaki kwenye kabati: gololi zimepangwa ndani ya kizimba chembamba kinachosogea mbele na nyuma. Grisi nzuri ina rangi yake bado. Iliyokufa ni nyeusi, imechanganyika na unga wa mbao, na ukiipitisha kati ya vidole inakwaruza.

Pangusa mifereji kwa kitambaa kikavu, kisha kwa mswaki wa zamani uliochovywa kidogo kwenye spiriti. Usiloweke. Hesabu gololi za kushoto na za kulia. Kama kizimba kimepasuka na kumwaga gololi, badilisha reli, kwa jozi. Kikiwa kizima, weka grisi ya upana wa milimita 2 au 3 katika sehemu tatu au nne za kila mfereji, sogeza kizimba huku na huku mara kumi, na ufute yote iliyosukumwa nje.

Wakati wa kurudisha ndipo reli nyingi huharibika. Vuta kizimba mbele kabisa kabla ya kuingiza reli iliyofungwa kwenye droo, pande zote mbili. Kikibaki nyuma, reli hiyo itakigonga, plastiki itavunjika, na gololi zitamwagika chini ya kabati. Ingiza ukiwa umeishika droo sawasawa, na kama kuna ukinzani wowote, toa uanze upya. Ikishaingia, isukume kwa nguvu kiasi hadi ifunge: mara ya kwanza huwa ngumu, kwa sababu vizimba vinarudishwa kwenye nafasi yake. Vivyo hivyo, droo ambayo siku hizi inaishia sentimita chache kabla ya kufunga huwa na kizimba kilichoteleza, na dawa yake ni kuivuta hadi mwisho na kuisukuma hadi mwisho kwa mkono imara, bila kilainishi chochote.

Kama baada ya hayo bado ni nzito, pima. Reli nyingi za gololi za ubavuni huhitaji nafasi ya milimita 12.7 kila upande wa droo. Linganisha upana kati ya reli mbili kwa mbele na kwa nyuma. Tofauti ikizidi milimita moja, reli zinabanana. Legeza skrubu za nyuma, sogeza, kaza.

Droo na milango inayojifunga taratibu ina kifaa cha kupunguza kasi kilichofungwa kabisa, chenye umajimaji ndani. Hakitiwi kitu. Kikichoka hubadilishwa, na ukikinyunyizia kiyeyushi unaharakisha kuchoka kwake.

Bawaba

Kwenye bawaba ya pini, tone la mafuta juu ya kila kifundo huku mtu akiuchezesha mlango hutosha kama kilio ni kipya. Ikiwa unaona unga mwekundu au mweusi ukitoka kwenye kifundo, chuma kimeanza kulana, na pini lazima itoke. Tegemeza mlango kwa kabari chini, fanyia kazi bawaba moja kwa wakati, weka msumari mwembamba chini ya pini na ugonge kuelekea juu kwa nyundo ndogo. Sugua pini kwa sufu ya chuma hadi ing'ae, pitisha kitambaa ndani ya vifundo, paka grisi nyembamba kiasi cha kuona rangi ya chuma kupitia kwake, rudisha. Zile ambazo pini zake hazitoki hupewa mafuta mepesi, dakika 15 za kupenya, kisha kufutwa.

Bawaba za kikombe, zile zinazozama kwenye tundu la milimita 35 ndani ya mlango, hukaza kwa sababu ya kukaa upande zaidi ya ukavu. Mlango unagusa mwenzake au fremu, na mkono wako unadhani ni bawaba. Kuna skrubu ya kusogeza mlango kushoto na kulia, na nyingine ya kuupeleka ndani na nje. Geuza robo mzunguko, funga, tazama mwanya, rudia. Mwanya ukishakuwa sawa juu hadi chini, tone moja kwenye kila ekseli ndogo ya mkono wa bawaba linatosha.

Viti

Magurudumu ya kiti cha ofisini huchomolewa kwa kuvutwa moja kwa moja. Shina la kawaida lina kipenyo cha milimita 11 na hushikwa na pete ya springi. Geuza kiti, vuta kwa mikono miwili au kongoa kwa bisibisi bapa. Nywele zilizojizungusha kati ya gurudumu na gamba lake ndizo breki yenyewe. Zikitoka zote, silikoni kidogo kwenye ekseli na grisi nyembamba kwenye shina, basi.

Kiti kinacholia ukiegemea nyuma hulia kwenye sanduku la chuma lililo chini ya kalio. Kaza kwanza bolti nne zinazolishika kwenye kalio, maana nusu ya kelele huishia hapo. Kisha weka grisi kwenye ncha mbili za springi kubwa na pale bamba linapozunguka ekseli. Kikilia wakati wa kuzunguka tu, shida iko chini ya silinda (nguzo inayopandisha na kushusha kiti), ambako kuna beringi ndogo bapa, washa na kibanio. Toa kibanio, inua, safisha, paka grisi, rudisha kwa mpangilio uleule.

Silinda yenyewe ina gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa kwa nguvu kubwa. Isitobolewe, isichomwe moto, isifunguliwe. Kiti kinachoshuka chenyewe kimepoteza gesi kwa kuchoka kwa sili (pete inayozuia gesi isivuje), na hakuna kilainishi kinachoirudisha. Fimbo inayong'aa isipakwe grisi pia, kwa kuwa vumbi litakaloshika hapo litaingizwa kwenye sili kila unapokaa.

Makochi ya kuegemea na ya kulalia yana riveti nyingi, na kila riveti ni bawaba. Chomoa umeme kama lina mota, lilaze kifudifudi, tandika karatasi kati ya chuma na kitambaa. Weka tone moja kwenye kila riveti, au tefloni kavu kama kitambaa kiko karibu sana, kunjua na kukunja mara tano, futa. Vidole viwe mbali na mikono ya mkasi muda wote, kwa sababu springi zake hurudi ghafla.

Vitanda na vitasa

Kitanda kinacholia mara chache huhitaji mafuta. Kaza bolti zinazounganisha mifumbati na vitakizo, kisha lala, geuka, sikiliza. Kelele ikibaki, toa chaga na usugue mshumaa mahali zinapokalia mfumbati, au bandika ukanda wa kitambaa kizito. Mafuta kwenye mbao za kitanda huishia kwenye godoro.

Vitasa vya makabati na meza hupewa grafaiti ya unga, mpulizo mmoja mdogo ndani ya tundu la ufunguo. Ukiikosa, sugua penseli laini ya 2B au zaidi pande zote za ufunguo, uingize na kuutoa mara kadhaa, uufute, urudie. Usichanganye na mafuta, maana mchanganyiko huo huwa tope linalonata na kuzuia vipande vidogo vya ndani kushuka. Kitasa kilichokwisha kutiwa mafuta huoshwa kwanza kwa spiriti na kuachwa kikauke kabisa.

Ulimi wa kitasa unaokwaruza ukifunga mara nyingi haulingani na tundu lake. Paka chaki kwenye ncha yake, funga, na alama itakuonyesha uchonge upande gani. Majaribio mengine yote yafanyike mlango ukiwa wazi na ufunguo mkononi, ulimi ukitoka na kurudi mara kumi bila kusita, ndipo uufunge.